Miaka Kumi Aliyoikiri Eliezeri

Mlandege, Iringa
11 Machi 2024

Mdogo wangu Happy,

Kamwene. Najua umeshangaa kuitwa stendi kuchukua bahasha, enzi hizi ambazo hata bibi kizee anatuma picha kwa simu. Masikio yangu yamegoma. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia mluzi tu, na ukinipigia sipati hata neno moja zima; mtu namwelewa akiwa mbele yangu tu, nikimtazama midomo. Meseji nazo sizitaki. Mimi nimefundisha insha miaka thelathini na sita, siwezi kumweleza ndugu yangu habari nzito kwa maneno yaliyokatwa mikia. Tutaandikiana. Konda wa basi la asubuhi ni mwanafunzi wangu wa zamani na bado ananiogopa, barua haitapotea.

Habari yenyewe ni ya kaka yako Eliezeri. Yuko hapa kwangu tangu katikati ya Februari. Alikuwa kwenye majaruba yake kule Ubaruku, anapandikiza mpunga, akatapika damu. Si ya kijiko, Happy, ni ya beseni. Mkewe, Mama Jofrey, alimpakia kwenye gari akamleta kwangu, yeye akarudi kulinda shamba maana hawana mwingine. Nilipomwona sikumtambua upesi. Mikono imebaki mifupa, tumbo limejaa maji, na upande wa kushoto wengu umevimba unaugusa kwa mkono.

Watu hawana simile. Kabla sijamtandikia kitanda, mtaa mzima ulishasema ulanzi, ile pombe ya mianzi, umemla ini. Baraza la wazee wa kanisa, nami nikiwa mmoja wao, likakaa. Jina la Eliezeri halijawahi kuhama usharika wetu, na alishahesabiwa yuko nje ya kundi kwa ajili ya ulevi. Unajua utaratibu. Aliye nje hashiriki Meza ya Bwana, na akifa akiwa nje hapigiwi kengele wala mchungaji hamziki.

Basi, mshukuru Mungu pamoja nami. Jumapili ya juzi alisimama mbele ya usharika, ameshika benchi, akakiri kwamba amekunywa ulanzi miaka kumi. Mchungaji Philbert akamrudisha kundini. Alipopokea mkate nililia mpaka nikaona aibu. Sasa hata likitokea la kutokea, ndugu yetu atazikwa kama mtu.

Wewe unashinda maabara huko na maini ya watu. Je, kuna dawa? Niandikie kwa herufi kubwa.

Dada yako,
Bertha


Mbeya
19 Machi 2024

Dada Bertha,

Shikamoo. Barua yako niliisomea palepale stendi nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nyumbani, na mara zote mbili nilikasirika.

Kwa hiyo ni kweli. Mwaka juzi nilimuuliza Eliezeri ana kwa ana mbona anakonda, akaniambia ni kazi za shamba, na pombe hajawahi kuigusa. Nikamwamini kama mjinga. Kumbe miaka kumi! Amenipigia simu mara mbili wiki hii na sikupokea. Nikimsikia sauti nitasema maneno ambayo mdogo hatakiwi kumwambia kaka yake.

Umeuliza dawa. Ngoja nikueleze ninachofanya, maana ndugu zangu wote mnadhani napima malaria. Ini likiumia linajitengeneza. Ndani yake kuna seli zenye umbo la nyota, na kwa kawaida zimelala, kazi yao ni kutunza vitamini. Ini likijeruhiwa, seli za ulinzi zinatoa ujumbe. Ujumbe huo ni protini, sisi tunaiita TGF-beta. Inakwenda kugonga kipokezi kilichoko kwenye ngozi ya seli nyota, na kipokezi kinaupitisha mpaka ndani kwenye kiini: amka, kuna jeraha. Seli nyota inaamka, inaanza kusuka nyuzi ngumu za kuziba. Hilo ni kovu, na kovu dogo ni jema. Taabu ni kwamba seli nyota ikishaamka nayo inatoa ujumbe uleule. Inajiamsha yenyewe, inaamsha na jirani zake. Jeraha likiendelea kila siku, kusuka hakukomi, damu inakosa njia ndani ya ini, inarudi nyuma, inajaza mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Ndiyo ile damu ya beseni.

Hapa kwetu tunajaribu kidonge cha kuziba kile kipokezi, ujumbe ugonge usifunguliwe. Lakini ni kwa wagonjwa wa kichocho cha tumbo tu, sio walevi. Mlevi hatakiwi hata kuandikwa jina. Kwa hiyo sina la kumsaidia. Aache pombe, apunguze chumvi, awaachie madaktari wa Iringa.

Nisamehe ukali. Kazini kila siku naona watu ambao hawakufanya kosa lolote, na yeye amejitakia.

Wako,
Happy


Mlandege
2 Aprili 2024

Happy,

Barua yako ilinikuta Eliezeri amekaa barazani ananimenyea viazi. Akaniomba nimsomee, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikaanza kabla sijaipitia. Niliposoma pale penye "amejitakia" nikaikunja, lakini alishasikia. Akaendelea kumenya. Baadaye akaniomba nimweleze zile seli nyota, na nikamweleza kama ulivyoandika. Akasema, masikini, na zenyewe zinadhani zinasaidia.

Siku ya Jumatano Kuu nilimpeleka hospitali wakampiga altrasaundi. Daktari kijana, mpole, alimuuliza habari za maji. Anaoga wapi, analima wapi, ameingia kwenye majaruba tangu lini. Eliezeri akajibu tangu ana miaka ishirini na mbili, na miguu mitupu. Wakapima choo, wakampa vidonge vya kichocho avimeze siku ileile. Picha za altrasaundi na maelezo ya daktari nimekunjia humu ndani.

Sasa nina swali, na ulijibu taratibu usinirukie. Huo utafiti wenu, mtu aliyekunywa kidogo tu naye hafai? Na mtu ambaye watu wanasema alikunywa? Naulizia tu.

Mpigie simu kaka yako. Anakaa na ile simu mapajani.

Bertha


Mbeya
9 Aprili 2024

Dada,

Nimezitazama zile picha, kisha nikampelekea Daktari Irfan ambaye ndiye msimamizi wa utafiti wetu, bila kumwambia ni za nani. Alizigeuza mara moja tu akasema, huyu ni wa majaruba ya Mbarali au Kyela. Kovu la Eliezeri limefuata mirija ya damu, nene na jeupe, linaonekana kwenye picha kama bomba lililokatwa. Pombe hailetagi kovu la namna hii. Mayai ya minyoo ya kichocho yamekwama kwenye mirija midogo ya ini kwa miaka karibu thelathini, na kila yai linaita ulinzi, na ulinzi unaziamsha seli nyota. Vidonge alivyomeza vimeua minyoo, ila kovu vimeliacha hapohapo.

Dada, huyu ndiye mtu tunayemtafuta. Tunataka watu arobaini, tumeshapata thelathini na saba. Zimebaki nafasi tatu na mlango unafungwa tarehe 31 Mei. Anatakiwa kuja Mbeya kupimwa damu, na anatakiwa kuwa na fomu ya mashahidi wawili kwamba si mnywaji: mmoja ndugu, mwingine kiongozi wa mtaa au wa dini anayemfahamu. Fomu nimeiweka humu.

Hapo ndipo ninapokwama. Swali lako lile la "naulizia tu" limeninyima usingizi. Nakujua, dada, huulizi kitu bure. Niambie ukweli. Eliezeri alikunywa?

Happy


Mlandege
18 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Hakunywa.

Nimeanza barua hii mara nne na nimechana mara nne. Hakunywa ulanzi miaka kumi, hakunywa mwaka mmoja, hakunywa hata kikombe. Unakumbuka pombe ilivyomuua baba. Eliezeri aliapa siku ya mazishi, na yeye si mtu wa kuapa ovyo. Pale kilabuni Ubaruku walikokuwa wanamwona, alikuwa anakwenda kumchukua mkwe wake, yule mzee aliyekuwa anazidiwa mpaka anashindwa kuiona njia ya nyumbani. Aliwaeleza hayo baraza. Wazee wakatazamana. Lile tumbo lilikuwa mbele yao linasema vingine.

Niliona anakufa, Happy. Niliona kabisa nakwenda kumzika bila kengele, kama tulivyomzika baba. Nikamwambia, kubali tu, maneno ni maneno, Mungu anajua moyo. Akaniambia, "Dada, sasa nimdanganye Mungu ili Mungu anipokee?" Nikamkaripia. Nilitumia sauti ileile niliyokuwa natumia darasani. Nikamwambia mimi ndiye niliyemlea mama alipoondoka, na sijawahi kumpoteza. Hata ile hesabu ya miaka ni yangu. Yeye alitaka kusema mwaka mmoja, nikamwambia hawataamini, sema kumi.

Akasema kumi. Mtoto yule amenitii toka utotoni.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Fomu yako ilipofika nilifurahi nikasahau akili. Nilijaza sehemu yangu, nikampelekea Mchungaji Philbert ajaze yake. Aliniuliza kama nina hakika nataka aijaze yeye. Nikasema ndiyo, nikidhani ataandika kwamba ni mtu mwema. Ameandika aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe mbele ya watu mia tatu, na amegonga muhuri: "Alikiri ulevi wa miaka kumi, ametubu." Hakukosea. Angeandika nini?

Fomu ndiyo hiyo naileta. Nimeogopa kuichana kwa sababu ya muhuri.

Bertha


Mbeya
25 Aprili 2024

Dada Bertha,

Sijui nikuandikieje. Mama hayupo wa kumshitakia, ningekushitaki.

Nilifikiria kuificha ile fomu na kutafuta shahidi mwingine. Nilikaa nayo siku mbili kwenye droo. Kisha nikafikiria watu thelathini na wanane waliosaini kwa vidole gumba kwa sababu waliniamini mimi, nikampelekea Daktari Irfan. Aliisoma, akavua miwani, akasema haiwezekani. Sikubishana naye maana sheria ile nilisaidia kuiandika. Kovu la pombe na kovu la kichocho mwisho wake ni seli nyota zilezile, lakini zinaamshwa kwa njia tofauti, na kidonge chetu kinaziba njia moja tu. Mnywaji mmoja akiingia kwenye watu arobaini anaweza kulipotosha jibu zima. Nilimwambia mgonjwa ni kaka yangu na kwamba alisingiziwa. Akaniuliza nani alimsingizia. Nikamwambia alijisingizia mwenyewe. Hebu fikiria uso wangu.

Njia imebaki moja. Mchungaji aandike upya, na hawezi kuandika upya mpaka asikie upya. Simama wewe, dada. Jumapili moja tu. Useme ulimlazimisha.

Na mimi nina langu la kukiri, maana naona sote tunafichana. Nusu ya watu wetu wanapewa kidonge kitupu, unga mtupu usio na dawa, ili tuweze kulinganisha. Hakuna anayejua nani kapata kipi, hata mimi sijui. Na hao wanaopata chenyewe, bado hatujui kama kinafanya kazi kwa binadamu. Kwenye panya kilifanya. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uwe na tumaini moja lisilo na doa. Nafasi ni mbili sasa.

Happy


Mlandege
6 Mei 2024

Mdogo wangu Happy,

Nilikwenda kwa Mchungaji. Alinisikiliza kwa upole, ikawa mbaya zaidi kuliko angenifokea. Anasema nikisimama, baraza halitakuwa na njia ila kuona kwamba Eliezeri alidanganya mbele ya madhabahu akala Meza ya Bwana juu ya uongo, na mimi mzee wa kanisa nilimfundisha. Tutatengwa wote wawili mpaka tumalize mafundisho. Yaani nikimtafutia dawa namtoa kundini, nikimwacha kundini namnyima dawa. Happy, kwani mimi nilitaka nini? Nilitaka azikwe vizuri tu.

Eliezeri mwenyewe hataki nisimame. Anasema kidonge ambacho nusu yake ni unga si cha kumvunjia dada heshima. Nilimfokea kwamba anajifanya mtakatifu. Halafu nikaenda jikoni kulia.

Nitasimama. Ila Jumapili ijayo kuna mgeni kutoka dayosisi, na inayofuata ni Pentekoste, vijana wanapata kipaimara, nimewafundisha mimi mwenyewe amri ya nane, ile ya kutoshuhudia uongo. Siwezi kuwaharibia siku yao. Niache nipite hapo.

Bertha


Mbeya
14 Mei 2024

Dada,

Nafasi ni moja. Daktari Irfan hawezi kumshikia mtu, na mimi sitamwomba tena.

Kila siku nampigia Eliezeri kuuliza choo kina rangi gani, kama amemeza dawa aliyopewa hospitali ya kushusha presha ya mishipa, tumbo limeongezeka au limepungua. Ananijibu vizuri, mpole vilevile. Jana kabla ya kukata simu aliniita jina, nikadhani anataka kusema kitu. Akaniuliza tu kama nimekula.

Dada, vijana wa kipaimara wataishi. Simama.

Happy


Mlandege
27 Mei 2024

Happy mdogo wangu,

Nimesimama jana.

Sikusikia sauti yangu mwenyewe kwa sababu ya masikio, kwa hiyo sijui nilipiga kelele au nilinong'ona. Nilisema kila kitu, na ile ya mwaka mmoja kuifanya kumi. Niliona midomo ya watu inakwenda, sikusikia wanasema nini, na nilishukuru kwa hilo. Eliezeri alikuwa benchi la mbele. Alisimama akaja akanishika mkono, tukatoka nje pamoja kabla ya nyimbo, tukakaa kwenye ngazi.

Mchungaji ameandika upya leo asubuhi, na muhuri. Hii hapa. Konda nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote, akuletee mkononi. Tarehe 31 bado, Happy. Tumewahi, sivyo? Niambie lini nimpandishe basi. Ameshafua shati lake jeupe.

Bertha


Mbeya
30 Mei 2024

Dada yangu Bertha,

Hatukuwahi.

Nafasi ilijaa Alhamisi, tarehe 23. Niliijaza mimi kwa mkono wangu. Ni mama wa miaka ishirini na sita, anaitwa Alatupoka, anapalilia mpunga wa watu hukohuko Ubaruku, ana watoto wawili na ini lake limeharibika karibu kama la Eliezeri. Alikuja na fomu zake zimekamilika. Nilimwandika jina, nikamchukua damu, nikampa chai. Nilimchukia kwa dakika kumi hivi, halafu akaniuliza kama kidonge kinamezwa kabla ya kula au baada ya kula, nikashindwa kuendelea kumchukia.

Nilikuwa najua Pentekoste imepita, hujasimama bado, na umeahidi kusimama. Ningeweza kumwambia yule mama arudi wiki ijayo. Nisingekuwa nimevunja sheria yoyote. Sikumwambia, na sijui kama hilo ni jema nililofanya au ni hasira yangu kwako. Nakuandikia ujue kwamba si wewe peke yako.

Mwambie Eliezeri. Mimi siwezi.

Happy


Mlandege
8 Julai 2024

Happy,

Uliondoka kwenye msiba bila kuniaga. Nilikuona unapanda gari, nikainua mkono, ukatazama mbele. Silaumu. Ila ulikuja wakati kaburi linafunikwa, na kuna mambo ambayo hukuyaona, na ni haki yako kuyajua.

Baraza lilikaa tarehe mosi Juni. Walinivua uzee wa kanisa, na wakatutenga wote wawili, miezi mitatu ya mafundisho. Mchungaji aliwaomba wamwache Eliezeri kwa ajili ya ugonjwa. Kura hazikutosha. Eliezeri alihudhuria mafundisho mara mbili, amekaa na vijana wadogo, na daftari lake. Wiki ya tatu, Ijumaa asubuhi, alikuwa anakunywa uji akatapika, na safari hii damu haikukoma. Tulifika hospitali yuko hai. Lakini siku ya hospitali kuifunga ile mishipa ya kooni ilikuwa Jumanne, na hakuifikia.

Kwa hiyo amekufa hana kidonge na yuko nje ya kundi. Yote mawili nimempotezea mimi. Ulisikia kengele siku ile? Haikupigwa. Mchungaji Philbert alikuja bila joho, amevaa sweta, akachukua koleo akafukia pamoja na wanaume wengine, hakufungua kinywa. Aliyesoma Zaburi ni mimi, mwanamke aliyetengwa, na nilisoma bila kujisikia.

Sasa la mwisho. Humu ndani kuna barua ya Eliezeri kwako. Aliiandika mwanzoni mwa Juni akanipa nimpe konda. Niliifungua. Usiniulize kwa nini, nimewafungulia barua zenu tangu mko shuleni. Nikaona itakuumiza, nikaona wewe umeshaumia vya kutosha, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Kila siku alikuwa ananiuliza kama Happy amejibu. Nilimwambia una kazi nyingi.

Sikuombi unisamehe. Isome.

Bertha


Mlandege
4 Juni 2024

Mdogo wangu Happy,

Mimi si mwandishi kama nyinyi, utavumilia mwandiko. Leo nimeamka vizuri, nimekula ugali nusu.

Dada amenieleza habari za nafasi kujaa. Usiumie. Huyo mama mwenye watoto wawili nadhani namjua, mumewe alipata ajali ya pawatila, lile trekta dogo la kulimia. Nimefurahi ni yeye. Tena ukiweza mwambie avae mabuti akiingia majarubani, mimi walinicheka nilipotaka kuyanunua.

Dada pia usimchukie. Alinisukuma, ni kweli, lakini mimi ni mtu mzima, miguu iliyosimama kanisani ilikuwa ya kwangu. Kukiri kosa ambalo si langu hakukuniuma sana. Nilijiambia ni sawa na kumbebea mtu mzigo, ukifika unautua.

Kuna kimoja tu kinaniuma, na nimesubiri ukiseme wewe kwanza. Tangu umejua ukweli unanipigia kila siku. Unauliza choo, unauliza dawa, unauliza tumbo. Hilo moja hujaligusa, na mimi kwenye simu nashindwa kuanza.

Watu wa kanisani kuamini nilikuwa mlevi, sawa, hawakunijua. Dada hakuamini, ingawa miaka ile alikuwa chuo cha ualimu, hakuyaona ya baba. Lakini wewe, Happy, ulikuwepo. Mimi na wewe ndio tulikuwa tunamtoa baba kilabuni, mimi namshika kwapani, wewe miguuni, ukiwa na miaka saba, unalia kwa sababu viatu vinamvuka vinabaki mikononi mwako. Tulikuwa tunamwosha kabla mama hajaamka. Ndipo nilipokuambia mimi sitakunywa, na wewe ukasema unaniamini.

Sasa nataka kujua. Ulipoambiwa miaka kumi, kwa nini uliamini mara moja? Si kwa ugomvi. Nauliza tu, nilikufanyia nini mpaka ukaona inawezekana?

Nijibu hata mstari mmoja. Basi la Mbeya linafika saa tisa, na dada huwa ananiletea barua hapahapa barazani.

Kaka yako,
Eliezeri